Pembe Zisizohesabika

Jumapili, alasiri. Jua kali, upepo wa vumbi, mvua haina hata dalili. Moyo wangu umetulia.

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Nyumbani wanadhani nilipenda kamera kwa sababu napenda picha. Si kweli. Nilipenda kamera kwa sababu ukiishika usoni hakuna anayekuuliza kwa nini humtazami. Mimi ni mtu wa kutazama chini. Wageni wakija naamkia huku nikiangalia vidole vyangu vya miguu. Shuleni mwalimu wa Kiswahili alikuwa akiniita nisome insha yangu mbele ya darasa, nami nasoma kwa sauti ambayo hata wa dawati la kwanza haisikii. Siku nilipowatazama watu kwa mara ya kwanza kupitia kile kitundu cha kamera, niliwatazama mpaka nikashiba.

Ndiyo hivyo. Nimeshalisema.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana, na sasa nasubiri matokeo kama wenzangu wote. Kusubiri matokeo ni kazi ngumu kuliko mtihani wenyewe. Unachota maji, unapalilia migomba, unapika, na kila anayepita njiani anauliza, "Yametoka?" Hayajatoka. Wakati hayajatoka, mimi nimekuwa nikijifunza kuona.

Najua sentensi hiyo inasikika kama ya mtu anayejidai. Lakini ndivyo anavyoiita Bi Zuhura, na yeye ndiye mwalimu wangu.

Studio yake iko Rubwera, si mbali na ofisi za wilaya. Kwa nje utadhani ni duka la madaftari. Ndani kuna mashine ya kutoa vivuli, yaani nakala za vyeti, mashine ya kulaminisha vitambulisho, na nyuma ya pazia kuna kiti kimoja na kitambaa cha buluu. Nadhani nusu ya watumishi wa wilaya wameshakaa mbele ya kitambaa hicho na kukaza macho. Asili ya Bi Zuhura ni Pangani, ila yeye amezaliwa na kukulia huku huku, kwa sababu babu yake alikuja na biashara ya vitambaa akanogewa. Kiswahili chake kinateleza. Changu kina kokoto, maana nyumbani tunaongea Kinyambo na Kiswahili nilikikuta shuleni.

Nilikwenda kwake mwezi wa kumi na mbili kupiga zile picha ndogo za fomu. Wakati nasubiri alikuwa akitengeneza picha ya baba mmoja kwenye kompyuta, nami nikawa naichungulia.

"Unatazama nini kwenye kioo changu?" akauliza bila kugeuka.

Nilitaka kusema "hakuna". Nikasema, "Bega la huyu baba limeshuka."

Alisogeza uso karibu na kioo. "Limeshuka kweli. Loh! Wewe binti wa nani?"

Hapo ndipo ilipoanzia. Mama aliposikia alikwenda mwenyewe kuongea naye, na mapatano yakawa mepesi. Januari yote nifundishwe, na nisaidie kufagia na kutoa vivuli vya wateja. Mwisho wa mwezi nimpelekee Bi Zuhura picha moja. "Moja tu," alisema. "Ikinisemesha, unabaki na mimi, tunakwenda wote harusini na kwenye ubarikio. Isiponisemesha, tunaagana vizuri, hakuna ubaya."

Baba alikubali kwa shingo upande. Alikuwa ameshaongea na shangazi yangu wa Rugu, ambaye anatafuta msichana wa kumsaidia dukani. "Picha si kazi," alisema baba. "Ni kubonyeza. Hata mbuzi akikanyaga hicho kitufe, picha inatoka."

Kwa hiyo nilikuwa na Januari yangu moja. Ikiisha bila sababu ya kubaki, mimi ni wa Rugu. Simchukii shangazi. Lakini dukani kwake unatakiwa kuongea na watu siku nzima, tena bila kamera.

Wiki ya kwanza Bi Zuhura hakunipa kamera kabisa. Alichukua boksi la karatasi za mashine, akakata dirisha la pembe nne katikati ya kifuniko, akanipa hicho kifuniko na kuniambia nizunguke Rubwera nitafute mistari. Nilitembea na boksi usoni, mimi ninayeona aibu kununua chumvi. Vijana wa bodaboda walifurahi sana.

"Dada, televisheni yako inaonyesha nini?"

"Mwulize kama mpira umeanza!"

"Dada, geuza huku basi, na sisi tutokee!"

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini ndani ya lile dirisha la boksi mambo yalikuwa yakitokea. Nyaya za umeme zilikuwa zikiongoza jicho langu mpaka mlimani. Ukingo wa barabara ulikuwa ukifanya vivyo hivyo kutoka upande wa pili. Hata pikipiki za wale vijana, zilivyopangwa kwenye kijiwe, zilikuwa mstari wa taa unaopungua kwenda mbali. Jioni Bi Zuhura aliniuliza mstari ni nini. Nikamjibu ni njia ambayo jicho linapita bila kuombwa. Aliniangalia kwa muda, akaniambia niende nikafagie.

Nikajua nimejibu vizuri.

Siku ya kivuli sitaisahau, na nikiisimulia, wajukuu hawataamini. Jioni moja aliniambia, "Kesho niletee vivuli vizuri, na viwe tofauti tofauti." Nikasema sawa. Kesho yake, kabla ya kupanda gari, nikapitia kwa jirani mwenye mashine pale kwetu Kamuli, nikatoa vivuli vya cheti cha kuzaliwa, vya cheti cha ubatizo na vya barua ya kumaliza shule. Nikaviweka mezani kwa Bi Zuhura nikiwa nimevinyoosha vizuri ndani ya bahasha.

"Hivi ni nini?"

"Vivuli, Bi Mkubwa. Nimeleta vya cheti cha kuzaliwa, na cha ubatizo pia, maana ulisema viwe tofauti."

Alikaa kwenye kiti cha wateja na kucheka mpaka ushungi ukamdondoka mabegani. Mteja aliyekuwa akisubiri naye akaanza kucheka bila kujua anacheka nini. "Mwanangu we! Mimi mwenye mashine ya vivuli, nikutume ukatoe vivuli kwa watu?" Halafu akanishika mkono akanitoa nje, kwenye jua, na kunionyesha chini ya baiskeli iliyoegemezwa ukutani. Kivuli cha magurudumu kilikuwa kimelala mchangani, kirefu, kizuri kuliko baiskeli yenyewe. "Hiki," akasema. "Hiki ndicho kivuli, Kemi."

Nilicheka na mimi. Nadhani ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka mbele ya mtu mgeni bila kuziba mdomo.

Tangu hapo naona vivuli kila mahali. Naona uso wa mtu aliyesimama mlangoni, upande mmoja una mwanga na mwingine umetulia gizani, na ule upande wa giza ndio unaoufanya uso uwe wa mviringo badala ya kuwa kama sahani. Naona kahawa iliyoanikwa asubuhi, jua likiwa chini, kila punje na kakivuli kake, unatamani uipapase. Bi Zuhura anauita huo mguso. Saa sita mchana kahawa ile ile inaonekana kama sakafu. Kilichobadilika ni mahali jua liliposimama, basi.

Alipoanza kunipa kamera ya kwenda nayo nyumbani, ile ya zamani iliyochunika pembeni, somo lilikuwa ni nafasi na namna ya kujaza fremu. "Usiogope kusogea," alisema. "Watu waoga hupiga picha wakiwa ng'ambo ya mto." Nikajua ananisema mimi. Kwa hiyo jioni hiyo nilisogea. Nilimwendea Bihogo, ng'ombe wa baba anayempenda kuliko wote. Ukiuliza rangi yake kwa Kiswahili utaambiwa ni kahawia, lakini Bihogo ni wekundu ule wa giza, kama kahawa iliyoiva ikapitiliza. Nikajaza fremu kwa uso wake. Jicho, kope, pua yenye unyevu, manyoya ya paji la uso. Mguso mtupu. Nilikimbia kumwonyesha baba.

Baba alishika kamera kama anavyoshika kikombe cha mtoto. Akaitazama picha. Akaigeuza kamera nyuma, akaitazama huko pia.

"Pembe ziko wapi?"

"Nimejaza fremu, Tata."

"Umejaza nini? Umenikatia ng'ombe."

Wasiojua ng'ombe wetu nawaambia tu kwamba pembe zao ni ndefu kuliko mkono wangu, zinapanda juu na kufunguka. Kwa baba, ng'ombe asiye na pembe kwenye picha ni sawa na picha ya harusi isiyo na vichwa. Siku iliyofuata Bi Zuhura naye aliponiambia kamwe nisikate kiumbe mahali pabaya, nikaweka sheria moja kichwani: picha nzuri ina kila kitu ndani yake. Nikaikariri kama kanuni ya fizikia.

Sheria hiyo ndiyo iliyokaribia kunipeleka Rugu.

Somo la mwisho lilikuwa ruwaza, yaani kitu kinachojirudia mpaka kinakuwa kama wimbo. Bi Zuhura akasema picha yangu ya mwisho wa mwezi iwe ya ruwaza. "Usiniletee maua. Usiniletee matofali. Niletee kitu cha kwenu."

Nilijua papo hapo. Asubuhi ng'ombe wanaposhuka kunywa maji kwenye lambo wanasimama bega kwa bega, na pembe zao zote zinainuka kutoka kwenye vumbi. Pembe, pembe, pembe, na kila moja inarudiwa kichwa chini ndani ya maji. Nimeiona picha hiyo tangu nikiwa mtoto, sikujua tu kama ni picha. Juu ya mteremko kuna kichuguu. Ukisimama hapo unawapata wote, wa kwanza mpaka wa mwisho. Kila kitu ndani.

Nilimwambia baba jioni wakati anakunywa maziwa. Aliweka kikombe chini.

"Hapana."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayefunga mlango kwa sababu ni jioni.

Ng'ombe hawahesabiwi. Hilo nalijua, kila mtoto wa huku analijua. Hatuwanyooshei kidole, na mgeni akiuliza ni wangapi anajibiwa "wapo", basi. Baba hajui idadi yao na hataki kuijua. Jioni anasimama langoni pa zizi wakiingia, halafu anasema, "Gaju hayupo," na kweli Gaju hayupo, yuko shambani kwa mtu anakula migomba. Anawajua kwa sura, kama mwalimu anavyolijua darasa lake. Sikuwa nimefikiria kwamba kamera inaweza kufanya kile ambacho sisi hatukifanyi.

"Ukiwatoa wote kwenye karatasi," alisema baba, "hilo ni zizi lisilo na lango. Mtu yeyote ataingia na kidole chake. Huyu, huyu, huyu, huyu. Huko Rubwera, watu tusiowajua, wanamaliza ng'ombe wangu kwa kidole wakisubiri vivuli vya vyeti."

Mama alitazama moto. Mimi nilitazama vidole vyangu vya miguu.

Mimi nimesoma hesabu na nimefanya mtihani wake. Sijui kama kuhesabu kunaweza kumdhuru ng'ombe. Lakini sijawahi kuwahesabu, na nilipojiuliza kama nataka kuanza kwa sababu ya picha, jibu lilikuwa sitaki. Wazo la kwenda kuipiga kwa siri lilikuja pia. Lilikaa na mimi asubuhi nzima garini. Nilipomweleza Bi Zuhura kila kitu, alisema tu, "Baba kasema hapana, basi ni hapana. Tafuta nyingine. Picha ya kuibia inaonekana, hata uipambe vipi."

Nikatafuta nyingine. Nilipiga majani ya migomba, nikapiga kahawa kwenye jamvi, nikapiga vibuyu vya maziwa vilivyopangwa ukutani. Vilikuwa vizuri. Havikuwa picha yangu.

Halafu Jumanne ukaja mkeka.

Bi Zuhura ana mkeka wa ukindu aliotumiwa na ndugu zake, wenye miraba ya zambarau na kijani, na jirani yake alitaka kuuona kwa simu kabla ya kuagiza kama huo. Akaniambia niupige picha. Nikafuata sheria yangu, nikarudi nyuma mpaka mkeka wote ukaingia, ncha zote nne. Picha ikawa ya kitu kidogo sakafuni. Ungeweza kuhesabu miraba yake kama mtihani wa darasa la pili. Nikasogea. Nikasogea tena, mpaka ncha zikatoka nje ya fremu, na mara mkeka ukawa hauna mwisho. Miraba ilikuwa inaingia kutoka kushoto na kutokea kulia, inatoka juu, inatoka chini. Jicho langu lilitafuta pa kuanzia likakosa.

Nilisimama na kamera mkononi. Bi Zuhura akaniuliza kama nimeona nyoka.

Kumbe picha haimaliziki kwenye ukingo wake. Ukingo ni mahali tulipoacha kutazama, si mahali vitu vilipokwisha. Ukiweka vyote ndani, umevihesabu. Ukiruhusu vitoke pembeni, hakuna anayejua ni vingapi, hata wewe uliyebonyeza.

Jioni hiyo nilimsubiri baba langoni. Nilikuwa nimepanga maneno, yakapotea yote, kwa hiyo nikatumia mikono. Nilitengeneza dirisha kwa vidole, nikaliweka mbele ya macho yake, mbali. "Ukiwa hapa, Tata, unawaona wote." Nikalisogeza karibu. "Ukiwa hapa wanatoka huku na huku. Hakuna wa kwanza. Hakuna wa mwisho. Hawa si ng'ombe wako wote, na si nusu yao. Ni pembe tu."

"Na mtu wa Rubwera akiweka kidole?"

"Hana pa kuanzia."

Alimtazama Bihogo akiingia. Halafu akaweka sharti. Atakuwepo. Ataona kila picha hapo hapo lamboni, na yoyote ambayo kidole kinaweza kuingia, naifuta mbele yake. Nikakubali kabla hajamaliza.

Kwa hiyo Jumatano asubuhi nilisimama kwenye tope, si juu ya kichuguu. Nilikuwa chini, kati yao, viatu vikinizama, nikinusa pumzi yao ya majani. Mwanga ulikuwa ukija kutoka ubavuni, ule ule wa kahawa. Wachungaji wawili wa jirani walikuwa wamesimama mbele yangu wakipiga soga, na kofia zao zilikuwa zikiharibu kila kitu. Niliwasubiri wasogee wenyewe. Hawakusogea. Jua lilikuwa linapanda. Na mimi nikashusha kamera na kupaza sauti.

"Shikamooni! Naomba msogee, mmesimama kwenye picha!"

Walisogea haraka kama walioona gari. Mmoja akamgeukia baba. "Kumbe huyu binti ana sauti?"

"Na mimi ndiyo kwanza naisikia," alisema baba.

Nilipiga mpaka ng'ombe walipoanza kupanda mteremko. Halafu tukakaa juu ya jiwe, baba na mimi, kamera katikati yetu, nikifunika kioo kwa kanga ili jua lisizuie. Alitazama polepole. Tatu za mwanzo alizikataa, nami nikafuta. Nyingine alizipita bila neno. Kisha ikaja moja ambayo nilipoiona tu niliivuta kanga karibu zaidi. Vumbi lilikuwa la dhahabu, ndama alikuwa amegeuza kichwa, maji yalikuwa kioo kitupu. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Lakini kule mwisho kabisa, upande wa kulia, ng'ombe wa pembeni alionekana mzima, na nyuma yake nyasi tupu.

Baba alinisubiri.

Nilitamani kusema kwamba hakuna atakayegundua. Nilitamani kumwambia nitaikata kwenye kompyuta. Lakini kwenye kompyuta ningekuwa peke yangu na Bi Zuhura, na sharti lilikuwa hapa, mbele yake. Nikafuta. Kioo kikaruka kwenye picha iliyofuata.

Hiyo iliyofuata ndiyo yenyewe. Pembe zilikuwa zimejaza fremu kutoka ukingo hadi ukingo, zimepishana kama vidole vya watu wengi walioinua mikono, za juu zikitoka kwenye vumbi na za chini zikitoka majini. Weusi, wekundu wa Bihogo, weupe wa ncha. Baba aliisogelea. Niliona macho yake yakianza kushoto, yakienda, yakasimama, yakarudi kushoto, yakaenda tena.

"Hii inaanzia wapi?"

"Haianzii, Tata."

Akatoa sauti kidogo puani, ile anayoitoa akikuta ndama amezaliwa salama. Akainuka, akachukua fimbo yake na kuwafuata ng'ombe. Kuhusu Rugu hakusema neno.

Ijumaa nilimpelekea Bi Zuhura. Aliifungua kwenye kompyuta kubwa wakati kuna wateja wawili. Aliitazama kwa muda mrefu mpaka mmoja wao akakohoa. Nilikuwa nimejiandaa kueleza mstari uko wapi, kivuli kiko wapi, kwa nini nimeacha pembe zikatwe ukingoni wakati yeye alinikataza. Hakuniuliza. Aliweka kidole kwenye kioo upande wa kushoto, akakivuta kidogo kwenda kulia, akakiondoa.

"Wako wangapi?" akauliza.

"Wapo," nikasema.

Akacheka. "Mwezi ujao kuna harusi Nkwenda. Utashika kamera ya pili. Na ununue viatu vya kufunga, kandambili hazipigi harusi."

Nilirudi nyumbani Ijumaa hiyo nikiwa na jibu moja kati ya mawili niliyohitaji. Jumamosi baba alikuwa kimya kama kawaida yake. Mama aliniambia nimwache, nami nikamwacha. Hata hivyo sikuwa na hofu, na hilo nalo ni jipya kwangu. Nilijua kwamba hata nikipelekwa Rugu, nitaona mistari ya rafu za duka la shangazi na mwanga unavyoingia mlangoni kwake. Hicho hakuna wa kuninyang'anya. Lakini nilitaka kubaki. Nilitaka sana.

Leo tumetoka misa mapema. Nilikuwa namenya ndizi nyuma ya nyumba niliposikia naitwa kwa sauti ya chini, sauti ambayo mtu anaitumia akiwa hataki kuku wakimbie. Baba alikuwa amesimama nyuma ya zizi, upande usioonekana kutoka barabarani. Hakuwa amevua koti la misa. Alikuwa amevaa na kofia. Kando yake Bihogo alikuwa amefungwa kamba, amesuguliwa mpaka anang'aa.

"Lete hicho kitu chako," alisema.

Nilikileta mbio. Alijipanga wima kama askari, akakunja uso, akaelekea jua moja kwa moja, macho yamefumba nusu. Ingekuwa picha mbaya sana. Na mimi, bila kufikiri, nikamwambia ageuke kidogo. Nikamwambia ashushe bega. Nikamwambia, "Si hivyo, Tata, weka mkono shingoni kwa Bihogo kama kawaida yako," na baba yangu, ambaye hata katekista hamwambii pa kukaa, akageuka, akashusha bega, akaweka mkono. Kivuli cha kofia kikaangukia nusu ya uso wake. Nikabonyeza.

Aliitazama kwenye kioo kidogo kwa muda mrefu. Kisha akafungua kamba ya Bihogo, akiwa amenipa mgongo.

"Kesho ukifika Rubwera," alisema, "muulize huyo mama kama anaweza kuitoa kubwa. Ya kuweka ukutani." Akatembea hatua kadhaa, akasimama. "Shangazi yako nimeshampigia. Atatafuta msichana mwingine."

Nilikuwa najifanya napangusa lenzi.

Sasa limebaki ombi moja, lake na langu pia. Baba amewaambia wenzake wote huku Kamuli kwamba kupiga picha ni mchezo wa watoto wasio na kazi, na ameniagiza kwa ukali kwamba mpaka picha iwe ukutani, mtu yeyote asijue kwamba alijipeleka mwenyewe kupigwa picha. Kwa hiyo wewe unayesoma, hasa kama ni wa pande hizi na unamfahamu: hukusoma chochote kuhusu koti. Ukimkuta mnadani, msalimie, muulize habari za nyumbani, na usitabasamu.